Nikisujudu, Hakitadondoka?

Barua ya msomaji mmoja wa Tanga ilinifikia Jumatano, na haikuwa ya kusubiri toleo lijalo. Jumatatu yake, daktari wa Dar es Salaam alikuwa amemwekea kiinitete cha siku tano, baada ya miaka tisa ya ndoa bila mtoto. Mama mkwe amemkataza kuinua hata ndoo ya maji. Jirani amemwambia alale chali wiki nzima, mito miwili chini ya miguu. Swali lake mwenyewe aliliweka mwishoni kabisa, kwa mwandiko mdogo kuliko wa barua yote: “Dada, nikisujudu, hakitadondoka? Tangu juzi naswali nimekaa kwenye kiti, na moyo hautulii.”

Nilimpigia simu siku hiyo hiyo. Sujudu, nilimwambia. Haya yafuatayo ni maelezo ambayo dakika kumi za simu hazikuyatosha.

Sitaeleza sindano za kukuza mayai, wala jinsi mayai yanavyovunwa na kukutanishwa na mbegu za baba kwenye kisahani cha maabara. Kila kliniki ina kijitabu cha hayo. Yamekuwa yakifanyika tangu Louise Brown alipozaliwa Oldham, Uingereza, tarehe 25 Julai 1978, na watoto wa njia hiyo wamezaliwa Uganda tangu 2004 na Kenya tangu 2006. Nataka twende moja kwa moja pale ambapo mikono ya daktari inaishia.

Kwanza, umbo. Vitabu vya shule hutuchorea mji wa mimba kama chupa tupu iliyoning’inizwa mdomo chini, na mwenye picha hiyo kichwani ana haki ya kuogopa kuinama. Lakini ndani hamna uwazi wa kudondokea. Ukuta wa mbele na wa nyuma umegusana, katikati pana unyevu tu. Kiinitete chenyewe, upana wake hauzidi sana sehemu moja au mbili za kumi za milimita. Chukua vipande viwili vya papai bivu, weka punje moja ya mchanga katikati, vibane, kisha vigeuze upendavyo. Punje haiendi popote. Watafiti wamewalinganisha wanawake waliolazwa kitandani baada ya kuwekewa kiinitete na walioinuka wakaenda zao, na hawakuona kwamba kulala kunasaidia.

Sasa naomba ruhusa ya kugombana na neno. Magazeti yetu huiita tiba hii “upandikizaji mimba”, na neno hilo limenikera kwa miaka. Anayepandikiza ni mkulima wa mpunga. Huung’oa mche kitaluni, akaukandamiza kwenye tope kwa kidole, na mche hauna la kufanya ila kukaa ulipowekwa. Daktari hafanyi hivyo. Hupitisha mrija laini kwenye mlango wa kizazi, huachia tone dogo lenye kiinitete, huutoa mrija. Hakukandamiza kitu, hakufungua ukuta wowote. Kiinitete kinabaki huru, nacho ndicho kitakachojishikiza siku moja au mbili baadaye, huenda saa ambayo daktari amekaa nyumbani kwake anakula. Neno likishampa daktari kazi isiyo yake, mambo yakiharibika tunauliza nani kapandikiza vibaya, au ni udongo gani uliokataa. Udongo huo ni mwanamke, na yeye ndiye atakayeulizwa.

Bibi zetu walikuwa na sarufi nzuri zaidi. Walisema “mimba imeshika”. Mtendaji wa kitenzi hicho si mkunga, si mume, si mke. Ni mimba yenyewe. Ningependa kupata jina kutoka hapo, lakini “ushikaji” vijana wameshautwaa kwa maana ya urafiki, na “mshiko” ni fedha. “Kujipachika” kunanukia karakana. Nimezunguka nikaishia bandarini: kutia nanga. Lugha ilikuwa imeshanionyesha njia, kwa sababu kiungo hiki ilikiita mji, na miji ya pwani yetu ilifikiwa kwa jahazi.

Jahazi haliingii bandari ndogo saa yoyote. Maji yakipwa, nahodha husubiri nje. Vivyo hivyo, siku nyingi za mwezi ukuta wa ndani wa mji wa mimba haukubali kushikwa. Yai likishapevuka na kutoka, homoni ya projesteroni hupanda, na kwa siku chache tu, takriban siku ya 20 hadi ya 24 kwa mzunguko wa siku 28, maji yanajaa. Bahari hupata bamvua mara mbili kwa mwezi mwandamo. Mji wa mimba hupata mara moja. Ndiyo maana kliniki husisitiza saa za dawa za projesteroni: inajaribu kulifikisha jahazi maji yakiwa yamejaa.

Jahazi nalo lina la kufanya. Kiinitete husafiri ndani ya ganda jembamba, na ganda hilo ni ulinzi, kwani hukizuia kisitie nanga njiani, kwenye mrija wa uzazi, ambako mimba huweza kuua. Siku ya tano au ya sita, kikiwa na seli kama 100 hadi 200, hulipasua ganda na kutoka. Mbele yake pana kizuizi kingine. Uso wa ukuta umeota molekuli ndefu za musini, zimesimama kama mikoko, na jahazi halifiki gatini penye mikoko. Majaribio ya maabara yameonyesha kwamba pale kiinitete kinapogusa, mikoko hufyekwa, hapo hapo tu, penye upana wa jahazi.

Halafu kuna kamba. Kwa ajili ya kamba hizi ningeandika gazeti zima.

Fikiria chembe nyeupe ya damu inayokimbizwa na mkondo ndani ya mshipa. Pembeni kuna kidonda kinachohitaji msaada wake. Itasimamaje? Juu ya ngozi yake ina protini iitwayo L-selektini, na ukuta wa mshipa wenye shida huotesha nyuzi za sukari. Protini hunasa sukari, huachia, hunasa tena. Mshiko ni dhaifu makusudi. Chembe hupunguza mwendo, hubingirika polepole ukutani, mwishowe husimama. Mwaka 2003, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walichapisha katika jarida la *Science* kwamba kiinitete cha binadamu kinayo L-selektini hiyo hiyo kwenye seli zake za nje, na kwamba nyuzi za sukari zinazonaswa nayo huongezeka kwenye ukuta wa mji wa mimba katika siku zile za maji kujaa.

Waone mabaharia wakirusha amari. Ya kwanza inateleza. Ya pili inashika, inalegea. Ya tatu inashika, na chombo kinaanza kuelemea gati, upande wenye seli zitakazokuwa mtoto ukitangulia. Kisha huja kamba nene, protini ziitwazo integrini, na sasa chombo hakiyumbi tena. Mwili ulikuwa na ufundi mmoja wa kamba, ukautumia mahali pawili: penye kidonda, na penye mwanzo wa mtu.

Baada ya hapo seli za nje huungana, zikachimba. Kufikia siku ya 10 hadi 12 tangu kutungwa, kiinitete kimezama chote, na ukuta umejifunika juu yake. Kutoka humo kinapuliza siwa: homoni ya hCG, inayoingia kwenye damu ya mama. Katika mimba ya kawaida, sauti hiyo hufika kwenye ovari na kuamuru projesteroni isikatike, maji yasipwe. Mstari wa pili kwenye kipimo ndiyo siwa hiyo iliyosikika. Usipime mapema, kwa kuwa sindano ya kukomaza mayai nayo mara nyingi huwa na hCG, na unaweza kusikia mwangwi wake.

Majahazi mengi hayatii nanga, hata penye maji mengi na nahodha hodari. Mara nyingi kasoro iko kwenye kromosomu, na huzidi kadiri umri wa yai unavyosonga. Tumbo likijaa na kuuma sana au pumzi ikibana, rudi kliniki usiku huo huo. Na katazo ulilopewa na daktari wako kwa hali yako linatangulia maneno yangu.

Nirudi kwenye kile kiti cha kuswalia. Kiti kile kilibeba hofu mbili: kwamba kuinama kutaidhuru mimba, na kwamba kuhofia hivyo ni upungufu wa imani utakaoidhuru zaidi. Hofu ya pili nayo imepimwa. Mwaka 2011 watafiti walikusanya tafiti 14 zenye wanawake 3,583, wakatazama kama huzuni na wasiwasi kabla ya tiba hupunguza nafasi ya kupata mimba. Hawakuona hivyo. Machozi yako, dada, hayakati amari.

Mwaka 2001 nao ulikuwa umeacha somo. Jarida moja la Marekani lilichapisha utafiti uliodai kwamba wanawake wa Seoul walioombewa na watu wa mbali, bila wao kujua, walipata mimba kwa asilimia 50, na wasioombewa asilimia 26. Habari ilienea duniani. Baadaye profesa aliyetajwa mwanzoni kuwa ndiye aliyeuongoza aliondoa jina lake, na mwandishi mwingine alitiwa hatiani kwa ulaghai katika shauri jingine. Mimi ni muumini, na nilifurahi hesabu ile ilipoporomoka. Dua ikipimwa kwa asilimia kama kidonge, mwanamke aliyeona mstari mmoja ataambiwa hakuomba vya kutosha. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023, mtu mzima mmoja kati ya sita hupitia ugumba maishani mwake. Nani atathubutu kuwapanga wote hao kwa imani zao?

Dini zenyewe zimeitazama tiba hii kwa macho tofauti. Mwaka 1980, Sheikh Jad al-Haq wa Misri alitoa fatwa ya kuiruhusu baina ya mume na mke, bila mtu wa tatu. Kanisa Katoliki liliikataa katika waraka wake wa 1987, na wapo Wakatoliki wanaobeba uzito huo pamoja na uzito wa kusubiri. Lakini Hana wa kitabu cha Samweli aliomba midomo ikitikisika bila sauti, hata kuhani akamdhania amelewa, na Zakaria wa Surat Maryam alimwita Mola wake kwa siri. Wote wawili waliomba mtoto mahali ambapo hakuna jirani angeweza kuwapima.

Usiku ule wa Jumatano msomaji wangu alinitumia ujumbe: kiti amekirudisha mezani, ameswali Isha juu ya mkeka. Nilihesabu. Kiinitete kilikuwa na siku saba. Kama maji yalikuwa yamejaa, basi saa ile paji lake la uso lilipogusa chini, amari za kwanza zilikuwa zinarushwa.