Nani katupa taka mtaroni?

Fungua daftari la uraia la mtoto wa darasa la tano, kisha fungua lake la Kiswahili. La kwanza limejaa maelezo yaliyonakiliwa ubaoni: maana ya serikali ya mtaa, wajibu wa raia, taja sifa nne za kiongozi bora. La pili lina kiima na kiarifu, sentensi sahili na changamano, na Juma yule yule anayecheza mpira huku Asha akipika wali. Madaftari hayo yanabebwa kwenye begi moja, lakini hayajuani.

Huku kwetu Mbweni, pembezoni mwa Kinondoni, mtoto anaweza kukutajia kazi zote za mwenyekiti wa mtaa. Mwambie sasa aandike sentensi tatu kuhusu mtaro unaofurika mbele ya nyumba yao kila masika. Kalamu inagoma. Mtaro anaujua vizuri kuliko wewe, ila hajawahi kuambiwa kwamba nao ni somo.

Watoto wa jirani huja barazani kwangu jioni na kazi zao za shule. Siku moja nikawaomba waandike sentensi moja tu juu ya mtaro huo. Msichana wa darasa la tano akaandika kwa mwandiko safi: "Taka hutupwa mtaroni." Kisarufi haina kosa. Nikamuuliza, nani anazitupa? Akafuta, akaandika: "Watu wanatupa taka mtaroni." Watu gani? Akatazama barabarani kitambo, akafuta tena: "Sisi wa mtaa huu tunatupa taka mtaroni." Mdogo wake wa darasa la tatu akadakia, "Hata jana baba katupa mfuko!" Dada mtu akamfinya.

Tazama kilichotokea katika sentensi zile tatu. Ya kwanza haina mtu. Ya pili ina watu walio mbali. Katika ya tatu, kwenye kitenzi kiambishi kimoja tu kimegeuka, wa- kikawa tu-, na mwandishi ameingia mwenyewe ndani ya sentensi yake. Hilo ndilo somo la wajibu wa raia, na limefundishwa kwa kitenzi kimoja. Wakubwa nao wangefaa kulirudia. Matangazo mangapi tunayasoma yanayosema fedha zimetumiwa, hatua zitachukuliwa, wananchi wameelekezwa? Kauli ya kutendwa ina kazi zake halali, lakini mtoto anayeweza kuigeuza na kuuliza nani alitumia na nani atachukua hatua, huyo akikua hatakaa kimya kwenye mkutano wa mtaa mapato na matumizi yakisomwa.

Nchi hii ilishawahi kufundisha kusoma na uraia kwa pamoja, tena kwa watu wazima. Mwaka 1970, kabla ya uchaguzi mkuu, kulikuwa na kampeni ya redio iliyoitwa Uchaguzi ni Wako. Mwaka 1973 ikafuata Mtu ni Afya, ambapo watu wapatao milioni mbili walikaa kwa vikundi kusikiliza redio na kusoma vijitabu, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo. Vitabu vya kisomo vya enzi hizo vilizungumzia pamba, migomba, uvuvi na siasa, mambo ambayo msomaji aliyaishi. Naiheshimu sana kazi ile. Upungufu ninaouona ni kwamba sentensi nyingi zilitoka juu zikiwa zimekamilika, na kazi ya mwanafunzi ikawa kuzipokea na kuzitekeleza. Mtoto wa leo anastahili kuziunda mwenyewe.

Ng'ambo nako kusoma na uraia vilifundishwa pamoja. Januari 1957, katika kisiwa cha Johns Island huko South Carolina, Marekani, mama mmoja mweusi mwenye saluni, Bernice Robinson, alifungua darasa la jioni kwa watu wazima. Ili kuandikishwa kupiga kura ilibidi waweze kusoma kifungu cha katiba ya jimbo. Robinson aliwauliza kwanza wao wanataka kujifunza nini. Wakamwambia wanataka kuandika majina yao, kusoma barua za watoto wao, kujaza fomu. Akaanzia hapo, na katiba ikafuata.

Najua mwalimu ataniuliza: zoezi kama lile la barazani litawezekanaje kwa watoto mia darasani? Swali ni la haki, na mtihani wa darasa la saba wenye maswali mengi ya kuchagua herufi haumsaidii. Lakini watoto kumi wanaweza kutunga sentensi moja kwa mdomo, wakabishana juu ya kiima chake, mmoja akaiandika ubaoni. Na mada si za kutafuta. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Kwa mtoto wa pwani hiyo peke yake ni zoezi la wiki nzima.

Wapo wazazi watakaohofu kwamba tunafuga watoto wasio na adabu. Kiswahili kimeshatupa dawa yake. Barua rasmi imo katika masomo ya msingi, ila kila mwaka watoto wanamwandikia mwalimu mkuu wa kubuni wakiomba ruhusa ya kwenda harusini. Wamwandikie mwenyekiti wao wa kweli, ambaye wazazi wao walimpigia kura Novemba 27, 2024. Waweke anwani, waweke YAH:, kisha: "Tunaomba mwenyekiti aitishe mkutano ili wakazi wapange siku ya kuzibua mtaro, kwa sababu maji yakijaa tunashindwa kwenda shule." Ombi lina heshima zote, mtendaji anajulikana, na sababu imefungwa kwenye kishazi tegemezi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni, kwa hiyo hakuna aliyevuka mpaka.

Kilichobaki kiko mikononi mwa ofisi ya mtaa. Barua ikifika, igongwe mhuri wa kupokelewa kama ya mkazi mwingine yeyote, na ijibiwe kwa maandishi, kwa sentensi zinazosema nani atafanya nini, na lini.