SHAMBA LA CHAZA NA HIFADHI YA TAIFA

Ndugu msomaji, je, unamjua chaza? Chaza ni mnyama wa baharini. Mwili wake ni laini, nao umefunikwa na magamba mawili magumu. Watu wa pwani humla. Katika nchi nyingine watu humfuga, kama wewe unavyofuga kuku. Leo soma habari za shamba la chaza lililoleta mgogoro mkubwa nchini Marekani.

Shamba lenyewe

Shamba hilo lilikuwa Drakes Estero, katika jimbo la California. Hapo bahari imeingia nchi kavu ikafanya hori lenye maji matulivu. Ufugaji wa chaza ulianza hapo katika miaka ya 1930. Wafugaji walijenga vichanja vya mbao majini, wakatundika chaza wadogo. Chaza hawapewi chakula. Wao huchuja maji na kula vijimea vidogo sana vilivyomo.

Mkataba wa miaka 40

Mwaka 1962 serikali ya Marekani iliifanya pwani hiyo, iitwayo Point Reyes, kuwa hifadhi ya taifa. Mwaka 1972 serikali ilinunua ardhi ya mwenye shamba kwa dola 79,200. Waliandikiana mkataba. Mwenye shamba aliruhusiwa kuendelea na kazi kwa miaka 40, yaani mpaka mwaka 2012.

Mwaka 1976 Bunge la Marekani lilipitisha sheria. Hori hilo liliwekwa katika sehemu zitakazokuwa pori la asili. Katika pori la namna hiyo watu hawaruhusiwi kufanya biashara kama ile.

Baadaye mfugaji wa ng'ombe wa jirani alilinunua shamba. Alijua kuwa mkataba ungekwisha mwaka 2012. Lakini alitumaini kuongezewa muda.

Pande mbili

Hapo majirani wakagawanyika. Wengine walisema: "Shamba libaki. Linatoa chakula na kazi. Chaza husafisha maji."

Wengine walisema: "Shamba liondoke. Ardhi hii ni ya watu wote. Mkataba ni mkataba." Walisema pia kwamba mashua zinawasumbua sili. Sili ni wanyama wa baharini wanaonyonyesha. Hupanda kwenye mchanga wa hori hilo kuzaa na kupumzika.

Wataalamu nao waliitwa. Mwaka 2009 wanasayansi wa Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani walitoa taarifa. Walisema hakuna ushahidi wa nguvu kwamba shamba linaleta madhara makubwa. Walisema pia kwamba watu wa hifadhi walieleza mambo mengine isivyo sawa. Watu wa hifadhi walikuwa na haki ya kutetea pori. Lakini maelezo yao yalipoonekana si sawa, majirani wengi waliacha kuwaamini.

Uamuzi

Mwaka huo huo wa 2009 Bunge lilimpa waziri uwezo wa kuongeza miaka 10 akipenda. Tarehe 29 Novemba 2012, waziri Ken Salazar alikataa. Mwenye shamba alikwenda mahakamani, akashindwa. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya nchi ilikataa kusikiliza shauri lake. Mwisho wa mwaka huo shamba likafungwa. Baadaye vichanja viling'olewa.

Pori lilipata hori lake. Lakini wafanyakazi walipoteza kazi. Wengine wao walikuwa wakiishi hapo hapo shambani na jamaa zao. Wao hawakuuza ardhi wala kutia sahihi mkataba ule.

Tunajifunza nini?

Ndugu msomaji, mkataba una tarehe ya mwisho. Miaka 40 huonekana mingi, lakini hufika. Ukipewa karatasi ya ardhi, isome yote. Tafuta tarehe. Usitie sahihi wala dole gumba kabla ya kuelewa. Ahadi ya mdomo ya kuongezewa muda si mkataba. Kama muda una mwisho, anzeni mapema kupanga watu watakwenda wapi na watafanya kazi gani.

Jadilianeni darasani:

1. Kama ungekuwa waziri, ungeamua nini? Kwa nini?
2. Ni nani angewasaidia wafanyakazi, na lini?
3. Katika kijiji chenu, ni ardhi gani ya watu wote? Nani anaitumia, na kwa karatasi gani?