Tembo Asiye Mnyama

Yako maneno 16, yamechanganywa makusudi: kaa, simba, dirisha, gongo, nyati, kamba, paa, ulanzi, chui, pweza, tembo, mlango, kifaru, mbege, ngisi, ukuta. Kazi ni kuyagawa katika makundi manne yenye maneno manne manne, bila neno kubaki wala kutumika mara mbili.

Macho hukimbilia porini. Simba, chui, nyati, kifaru na tembo ni wale wakubwa watano ambao waongoza watalii huwataja kila siku. Lakini nafasi ni nne, wanyama watano. Paa naye anajitokeza, kwani ni wa jamii ya swala, na sasa wamekuwa sita. Mtego umenasa.

Pa kutokea ni kilabuni. Gongo, mbege na ulanzi vinamtafuta mwenzao wa nne, naye ni tembo, lile linalogemwa mnazini. Mlango, dirisha na ukuta vinadai paa la nyumba. Kaa, kamba, pweza na ngisi wanarudi baharini, na porini wanabaki wanyama wanne kamili. Hakuna neno hata moja hapo ambalo msomaji hakulijua. Kilichokuwa kigumu ni kuliachia tembo litoke kundi ambalo akili ilikwisha kulipanga.

Fumbo la namna hii ndilo limeijengea jina Only Connect, mashindano ya runinga ya Uingereza yaliyoanza BBC Four mwaka 2008 na kuhamia BBC Two mwaka 2014. Timu ya watu watatu hupewa dakika mbili na nusu kuupanga ukuta wa vidokezo 16. Kabla ya hapo huonyeshwa vidokezo kimoja kimoja, visivyozidi vinne, na kutakiwa kusema vinahusiana vipi. Atakayethubutu kujibu kwa kidokezo cha kwanza tu huvuna pointi tano. Anayesubiri vyote vinne huambulia moja. Raundi ya mwisho huondoa irabu zote katika maneno na kuvuruga nafasi kati ya herufi. Kwa Kiswahili raundi hiyo ingekuwa balaa tupu: “ua” na “oa” yangetoweka kabisa ubaoni! Mshindi hapewi fedha, hupewa kikombe.

Mtindo wenyewe ni wa zamani kuliko runinga za watu wengi. Redio ya BBC ilianza kurusha Round Britain Quiz mwaka 1947. Humo timu za maeneo mbalimbali ya Uingereza hupewa swali refu lenye vipande ambavyo kwa juu havina undugu wowote, na kila swali lina pointi zisizozidi sita. Washiriki hufikiri kwa sauti, wakapotea, wakarudi. Mwendesha kipindi akilazimika kuwasukuma kwa kidokezo, pointi hupungua. Swali la aina hiyo lingeweza kuuliza hivi: mwimbaji aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946 anakutana wapi na kipimajoto cha zamani na tarishi wa miungu wa Roma? Mpenzi wa muziki wa rock atamfikia Freddie Mercury. Aliyesoma kemia atakumbuka kwamba mercury ni zebaki kwa Kiingereza. Msomaji wa hadithi za kale atamleta Mercury mwenyewe, mungu mwenye viatu vya mabawa. Ni vigumu kwa kichwa kimoja kubeba yote hayo, na hapo ndipo timu inapokuwa na maana. Mara nyingi anayelitegua fumbo ni yule aliyesikia neno la mwenzake lililotamkwa kwa kubahatisha tu.

Edward de Bono, daktari mzaliwa wa Malta, ndiye aliyeipa fikra hii ya kuyaacha mazoea jina lake la Kiingereza mwaka 1967. Hoja yake ilikuwa kwamba akili hupenda kufuata njia iliyokwisha kukanyagwa, na kuchimba shimo lilelile kwenda chini zaidi hakumfikishi mtu kwenye shimo jingine.

Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa utamu wa mafumbo. Anayeshindwa kitendawili hutoa mji, mtegaji akausafiri kwa maneno kabla ya kufichua jibu. Hata hivyo, vitendawili vingi vimezoeleka mno. Mtoto akisikia kuhusu nyumba isiyo na mlango hafikiri tena, anakumbuka yai. Raha kamili inakuja fumbo linapokuwa jipya kwa wote barazani, na mtu akalazimika kulitafutia njia yake mwenyewe.

Wanaoifuata raha hiyo hadi mwisho wake huenda Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, Marekani, kila Januari. Mwaka 1981 mwanafunzi wa shahada ya juu, Brad Schaefer, alianzisha huko msako wa mafumbo ambao leo huwa na zaidi ya mafumbo 100, mengi yakija bila maelezo yoyote. Kujua kinachoulizwa ni sehemu ya kazi. Mwaka 2013 msako ulipita saa 73 kabla timu ya kwanza kuipata sarafu iliyofichwa chuoni. Timu inayoshinda hupata tuzo moja kubwa: kutunga msako mzima wa mwaka unaofuata.