Je, Wajua? Ndege wa Mafunjo Husikika Kabla ya Kuonekana

Kwenye mafunjo ya ukanda wa Ziwa Victoria, kuanzia vinamasi vya Kagera hadi Uganda na magharibi mwa Kenya, huishi ndege aitwaye kitaalamu Laniarius mufumbiri. Tumbo jekundu, mgongo mweusi, utosi wa dhahabu: kwa rangi hizo ungedhani kumwona ni rahisi. Wapi! Mafunjo hupita mita 4 kwa urefu, naye hukaa ndani kabisa.

Kinachomfichua ni mdomo wake. Dume hutoa mlio mzito wa mluzi, jike hujibu papo hapo bila kuacha mwanya, hata msikilizaji mgeni akadhani ni ndege mmoja. Anayehesabu ndege kwa sikio asipolijua hilo, hesabu yake imeharibika.

Ndege mwingine wa vinamasi, Sarothrura rufa, ni msiri zaidi. Hazidi sentimita 17, hupenya chini ya nyasi kama panya, na husikika usiku pia.

Mvuvi wa kisiwa cha Goziba anayepita kando ya mafunjo alfajiri anaweza kurekodi milio yao kwa simu, kisha akalinganisha na sauti za Xeno-canto, hazina ya mtandaoni ya sauti za ndege iliyoanzishwa mwaka 2005. Ila azime injini kwanza.