Je, Wajua? Asilimia za Mezani, Bei za Dukani

Je, wajua kwamba Sayyid Said, Sultani wa Oman na Zanzibar, alifunga mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833? Ulitiwa saini Muscat tarehe 21 Septemba. Mjumbe Edmund Roberts aliondoka na neema kubwa: meli za Marekani zingelipa asilimia 5 tu ya shehena iliyoshushwa katika bandari za Sultani, Zanzibar ikiwemo. Waingereza walifuata mwaka 1839, Wafaransa 1844.

Je, wajua kwamba ugomvi wa kuku ulizaa ushuru wa malori? Mwaka 1962 Jumuiya ya Ulaya ilipandisha ushuru wa kuku kutoka Marekani. Marekani ikalipiza kwa kutoza malori madogo ya kigeni asilimia 25. Miaka mingi baadaye Ford, kampuni ya huko huko Marekani, ilipitia mlango wa uani. Magari yake ya mizigo yaliyoundwa Uturuki yaliingia yakiwa na viti vya nyuma, yakalipa asilimia 2.5 kama ya abiria, kisha viti vikang'olewa na madirisha ya nyuma kuzibwa. Mwaka 2024 ilikubali kulipa dola milioni 365 kumaliza madai ya serikali.

Je, wajua kwamba Shirika la Biashara Duniani (WTO) lilizaliwa baada ya majadiliano ya karibu miaka minane? Yalianzia Punta del Este, Uruguay, mwaka 1986, yakafungwa kwa saini Marrakesh, Aprili 1994.

Je, wajua kwamba WTO huamua kwa maafikiano? Mmoja akigoma, wote hukwama. Oktoba 2020 Marekani ilimkataa Ngozi Okonjo-Iweala wa Nigeria kuwa mkurugenzi mkuu. Alipitishwa Februari 2021, baada ya utawala wa Washington kubadilika.

Je, wajua kwamba mkutano wa kwanza wa mawaziri wa WTO barani Afrika ulifanyika Nairobi, Desemba 2015? Chini ya uenyekiti wa Amina Mohamed wa Kenya, wajumbe waliafiki kukomesha ruzuku za kuuza mazao nje.

Je, wajua kwamba Komoro ilijiunga na WTO mwaka 2024 tu?

Je, wajua kwamba Oktoba 2014 maua ya Kenya yalianza kutozwa ushuru Ulaya kwa sababu Jumuiya ya Afrika Mashariki ilichelewa kukubaliana na Umoja wa Ulaya? Majirani zake walisalimika, kwani wamo katika kundi la nchi maskini zaidi, ambazo Ulaya huzisamehe ushuru.

Je, wajua kwamba Rwanda ilipandisha ushuru wa mitumba kutoka senti 20 hadi dola 2.50 kwa kilo? Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani walilalamika. Kenya, Tanzania na Uganda, zilizokuwa na mpango kama huo, zikarudi nyuma. Rwanda ilishikilia msimamo, na mwaka 2018 nguo zake zikapoteza msamaha wa ushuru katika soko la Marekani.

Je, wajua kwamba mchele wa nje hutozwa asilimia 75 katika Afrika Mashariki, lakini Kenya iliomba kutoza asilimia 35? Mchele huo hutoka zaidi Pakistan, na Pakistan ndiyo mnunuzi mkubwa wa chai ya Kenya.

Basi Juni, bajeti inaposomwa, usizime redio ukifika ushuru wa forodha. Hapo ndipo inapopangwa bei ya sahani yako na ya shati lako.