Ajali au Mauaji? Siri ya Vifo vya Bafuni

Mtu akifa kwa kukosa pumzi, daktari aweza kuipasua maiti na kutambua kwamba alikufa maji, au kwamba koo lilibanwa. Lakini liko swali lililo gumu zaidi: je, ilikuwa ajali, au alijiua mwenyewe, au aliuawa? Mara nyingi mwili peke yake hauwezi kulijibu.

Mfano mashuhuri watoka Uingereza. Mwaka 1912, mjini Herne Bay, Bibi Bessie Mundy alikutwa amekufa maji katika bafu la kuogea. Ilidhaniwa ameshikwa na kifafa, ikaamuliwa kuwa ni ajali. Mwaka 1913 Alice Burnham alikufa vivyo hivyo mjini Blackpool, na Desemba 1914 Margaret Lofty akafa vivyo hivyo mjini London.

Baba yake Alice alisoma gazetini habari za kifo cha London, akaona zafanana mno na za binti yake. Akawaarifu polisi. Ndipo ilipovumbuliwa kwamba waume wa wanawake hao watatu walikuwa mtu mmoja, George Joseph Smith, mwenye majina mengi, na kila kifo kilikusudiwa kumletea fedha.

Lakini mbona miili haikuwa na alama za kushindana? Daktari Bernard Spilsbury alieleza kwamba bafu la Bessie lilikuwa na urefu wa futi 5 tu, naye alikuwa mrefu kupita hapo. Kifafa kingemnyosha na kukiinua kichwa chake, si kukizamisha. Kisha Inspekta Neil akamjaribu mwanamke hodari wa kuogelea. Alipovutwa miguu kwa ghafula, maji yalimwingia puani na kinywani, akazimia papo hapo. Ikawa kazi kumzindua. Smith alinyongwa tarehe 13 Agosti 1915.

Basi, ndugu msomaji, hata kwetu mtu aweza kukutwa ananing'inia kwenye kamba au ameanguka kisimani. Akiwa yungali hai, mwokoe kwanza. Ukikata kamba, usilifungue fundo wala usilikate fundo lenyewe. Akiwa amekwisha kufa, usiguse kitu. Mwite Chifu au polisi upesi. Wala usikimbilie kusema "amejiua," au kumtaja jirani kuwa mwuaji. Fundo likishafunguliwa na nyayo zikishafutwa, hata daktari bingwa hatakuwa na la kusema mbele ya hakimu.