Kilomita 21 za Moshi: Pesa Iende Wapi Kwanza

Wakimbiaji wengi wa Dar es Salaam wanaojiandaa kwa nusu marathoni ya Kilimanjaro huko Moshi huanzia dukani. Mtu ananunua saa, anaagiza fulana, anaulizia raba za bei kubwa. Ukimuuliza anataka kumaliza kwa muda gani, anakwambia ataona siku hiyo. Mimi naanza na muda. Mtu anayetaka kumaliza akiwa anakimbia, na mtu anayetaka kushuka chini ya saa 2, hawahitaji vitu vilevile, na pengine hata mbio zao si zilezile.

Kujua lengo lako hakugharimu kitu. Tafuta njia tambarare, mathalani kutoka Daraja la Tanzanite kuelekea Coco Beach, kimbia kilomita 10 kwa uwezo wako wote alfajiri kabla jua halijachachamaa, kisha zidisha muda uliopata kwa 2.2. Aliyetumia dakika 60 anaangukia saa 2 na dakika 12 hivi. Anayetaka kuvunja saa 2 anatakiwa awe na kilomita 10 za dakika 54, kwa sababu saa 2 maana yake ni dakika 5 na sekunde 41 kwa kila kilomita, mwanzo mpaka mwisho. Hapo bado hatujafika Moshi. Njia ya kule inauacha mji na kupanda kuelekea Mweka, ukipishana na migomba, kabla ya kuteremka kurudi. Kwa mtu wa pwani mimi huongeza dakika 8 hadi 10 juu ya hesabu ya tambarare. Kwa hiyo yule wa dakika 60 ajiwekee saa 2 na dakika 20, na akiipata ajue amekimbia vizuri sana.

Kama saa 2 ndiyo inayokunyima usingizi kuliko mlima wenyewe, basi linganisha na mbio za nyumbani. CRDB Marathon hukimbiwa Dar mwezi wa 8, wakati joto la pwani limepungua, na mkazi wa jiji halipi nauli ya mkoani wala gesti. Kwa lengo la muda, ningeweka pesa yangu huko. Kwa lengo la kukimbia chini ya kilele cha Kibo pamoja na watu waliotoka kila upande wa dunia, hakuna mbadala wa Moshi, na gharama yake ni halali.

Sasa raba, ambako pesa nyingi hupotea. Mpango wa wiki 12, ukianza na kilomita 20 kwa wiki na kufika 40, unakula kilomita 350 hivi. Raba nzuri ya kukimbilia huhimili kati ya kilomita 500 na 800. Tufanye hesabu ya mfano: raba mpya halisi ya 240,000 ikikupa kilomita 600, kila kilomita imekugharimu shilingi 400. Mtumba wa 50,000 uliobakiza kilomita 200 unakugharimu 250 kwa kilomita. Ukiwa umebakiza 100 tu, ni 500, yaani ghali kuliko mpya. Unafuu wa mtumba uko kwenye jicho la mnunuzi.

Jicho hilo nilifundishwa na muuzaji mmoja pale soko la Karume. Nilikuwa nageuzageuza raba iliyong'aa, akaninyang'anya mkononi kwa upole. "Dada, usiangalie juu, juu panafuliwa. Angalia kisigino." Akanionyesha soli ilivyolika upande mmoja. Tangu siku ile nabonyeza sponji ya pembeni kwa kidole gumba: ikiwa ngumu na ina mikunjo mingi, imekwisha hata kama kitambaa chake ni kipya. Naiweka juu ya meza kuona kama imelala upande. Naivaa na soksi nitakazokimbilia, nikiacha nafasi ya kidole gumba mbele, maana kwenye mteremko wa kutoka Mweka mguu unasukumwa mbele na kucha ndizo zinazoumia.

Ya tatu katika ulinganisho huu ni feki mpya. Inauzwa karibu na bei ya mtumba mzuri, inanukia upya, na sponji yake ni ngumu tangu siku ya kwanza. Baina ya feki na mtumba wa kampuni inayojulikana, nachukua mtumba bila kusita. Na kama bajeti inaruhusu mpya halisi, usichukue zile zenye bamba la kaboni kwa nusu marathoni ya kwanza. Chukua ya kawaida ya mazoezi, uikimbilie pia siku ya mbio.

Saa haihitaji maneno mengi. Simu yako yenye programu ya bure ya kupima umbali inatosha kwa wiki zote 12.

Kitu chenye thamani kuliko saa ni mlima, na Dar inao. Mlimani, Chuo Kikuu, ni nauli ya daladala tu. Goba na Makongo Juu vilevile. Mara moja kwa wiki panda kwa dakika 3 hivi na kushuka taratibu, mara 4 mwanzoni, mara 8 baadaye. Kushuka nako ni zoezi, kwa sababu Moshi mapaja huchoka zaidi wakati wa kurudi. Wengi hawalifanyi hili, wakidhani mteremko ni zawadi.

Kuhusu chakula cha njiani, jeli moja ya kiwandani ina gramu 20 hadi 25 za wanga. Tende ndogo 4 zinakaribia hapo, na zinapatikana gengeni. Mbio zinazozidi saa moja na nusu zinataka gramu 30 hadi 60 kwa saa, kwa hiyo hesabu tende zako, zitoe kokwa, zifunge kwenye mfuko mdogo, na uzijaribu kwenye mazoezi ya Jumapili. Tumbo lisilozoea kula likikimbia halitajifunza siku ya mashindano.

Pesa uliyookoa kwenye saa na jeli ihamishie Moshi. Jisajili mapema na uweke nafasi ya chumba siku hiyohiyo, kwa sababu wikiendi ya mbio vyumba hujaa na bei hupanda. Fika Ijumaa badala ya Jumamosi usiku. Basi la Dar huchukua mchana mzima, na miguu iliyokunjwa njia nzima inahitaji siku ya kutembea. Wapo wanaopanda basi la kurudi Jumapili ileile ya mbio. Nimewahi kufanya hivyo, na kufika Chalinze magoti yalikuwa yamekakamaa kiasi kwamba nilishuka kwa kushikwa mkono. Nauli ya Jumatatu ni ileile. Kinachoongezeka ni usiku mmoja wa gesti na bakuli la mtori, jioni, miguu ikiwa imenyooshwa kwenye kiti cha pili.